Wachumba, Anzeni na Daftari

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulijifunza jinsi ya kukausha mahindi mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13, na jinsi ya kuyaweka katika magunia yasiyopitisha hewa. Huenda msomaji akashangaa kwamba mwezi huu, badala ya kuendelea na habari za fukusi na panya, tumeingia katika mambo ya harusi. Lakini mambo haya hayako mbali na yale. Mahindi yaliyokaushwa vizuri mwezi wa Novemba mara nyingi huondoka ghalani mwezi wa Desemba, yote kwa siku moja, nayo huenda kulipia hema, viti na keki. Sisi tulio katika afisi ya kilimo twayaona hayo kila mwaka. Kijana huja mwezi wa Machi kuuliza habari za mbolea ya ruzuku, na tukimwuliza ana fedha kiasi gani, hutazama chini. Alioa Desemba.

Basi somo hili ni la wachumba: kijana na msichana waliokwisha kukubaliana, wazee wao wamejuana, na sasa wanatafuta siku. Wazazi nao wasome, maana mara nyingi gharama kubwa ya harusi si matakwa ya wachumba bali ni ya watu wazima wanaowazunguka. Mifano nitaitoa katika Trans Nzoia na Bungoma, kwa kuwa misimu ya huku ndiyo niijuayo vizuri. Msomaji wa Nyandarua au Makueni abadilishe mahindi yawe viazi au ndengu, na miezi aifuate mvua ya kwao.

Kitu cha kwanza cha kununua si pete wala nguo. Nunueni daftari, lile la kurasa 96 linatosha, na kalamu mbili. Nasema kalamu mbili kwa sababu nataka wote wawili waandike. Kaeni mahali penye utulivu, si mbele ya kamati, mfungue ukurasa wa kwanza. Upande mmoja kijana aandike kila kitu alicho nacho, na chini yake kila deni alilo nalo. Upande wa pili msichana afanye vivyo hivyo. Ng'ombe, kuku, cherehani, akiba katika chama, hisa katika ushirika wa maziwa, baiskeli, pikipiki ambayo haijamalizika kulipwa. Deni la duka liandikwe, karo ya mdogo wako uliyoahidi iandikwe, na mikopo ya simu pia, hata ile midogo ya Shs. 2,000 ambayo mtu huona haya kuitaja. Mikopo hiyo midogo huzaa upesi kuliko sungura.

Mtu atasema, "Nikimwonyesha madeni yangu atanikimbia." Huenda. Lakini ni afadhali akimbie sasa, akiwa bado kwa mama yake, kuliko agundue baada ya miezi mitatu siku wenye deni watakapokuja kuchukua pampu ya maji.

Jambo linalofichwa zaidi ya yote katika ukurasa huu wa kwanza ni shamba. Kijana mmoja aliwaambia wakwe zake kwamba ana ekari tano. Hakusema uwongo mtupu, maana ekari tano zilikuwapo na alikuwa akizilima. Ila hati ilikuwa ya baba yake, na watoto wa kiume nyumbani walikuwa wanne. Bibi yake alikuja na miche 30 ya parachichi kutoka kwa wazazi wake, wakaipanda pamoja. Mwaka wa tatu ndugu mkubwa alirudi kutoka mjini, mzee akagawa shamba upya, na miparachichi 22 ikaangukia upande wa pili wa mpaka, ndiyo kwanza inaanza kuzaa. Nimeuona ua huo. Yule bibi alikuwa hawezi kuutazama.

Kwa hiyo andikeni ukweli: shamba ni la nani kwa hati, sisi tumeonyeshwa tu au tumegawiwa, na kama tumegawiwa mpaka uko wapi. Kuonyeshwa na mzee si jambo baya, wengi wetu tulianza hivyo. Lakini katika shamba la kuonyeshwa usipande mti wa miaka 30 wala usijenge nyumba ya mawe kabla ya kuzungumza. Mwendee baba yako kwa heshima, mwite na mjomba au mzee wa mtaa awe shahidi, umwulize kama yuko tayari kugawa kwa hati. Kugawa shamba la kilimo hutaka mpimaji, na tena kibali cha Bodi ya Kusimamia Ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967, na kazi hiyo huchukua miezi na fedha. Ikiwa mzee hayuko tayari, basi mjue hivyo wote wawili, na akiba yenu muiweke katika vitu vinavyoweza kuhamishwa: ng'ombe, mbuzi, mizinga, mashine ya kukata majani.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Wengi huchagua Desemba kwa sababu watu wa mjini wako nyumbani na ghala limejaa. Wengine, hasa walimu na watu wenye jamaa shuleni, huchagua Agosti wakati wa likizo. Tuitazame miezi hiyo kwa macho ya mkulima.

Agosti huku kwetu mahindi yangali shambani. Fedha za mbolea ya kupandia zimekwisha tumika, za mbolea ya kukuzia zimekwisha tumika, za palizi zimekwisha tumika. Nyumba nyingi zimebakiwa na magunia machache ya chakula. Anayefanya harusi kubwa mwezi huo hana budi kuuza kitu chenye uhai au kukopa.

Desemba kuna mahindi, lakini kila mtu anayo, nayo bei huwa chini. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme wachumba wana ekari mbili, na kila ekari imetoa magunia 20 ya kilo 90. Jumla ni magunia 40. Magunia 6 wayaweke ya chakula, maana nyumba mpya hupata wageni wengi. Yamebaki 34. Tuseme Desemba gunia ni Shs. 3,000, nao watapata Shs. 102,000. Tuseme wakingoja mpaka Mei au Juni gunia lafika Shs. 4,000, watapata Shs. 136,000. Tofauti ni Shs. 34,000, ambazo ni mbegu, mbolea na kulima kwa msimu mzima. Sisemi kwamba bei itapanda kila mwaka, kwa maana yako miaka ambayo mahindi ya nje yameingia na bei ikalala. Ninasema tu kwamba anayeuza yote Desemba kwa sababu wenye hema wanangoja hana nafasi ya kuchagua.

Mimi ningeshauri mwisho wa Januari au Februari. Mahindi yamekauka, barabara ni kavu, jirani hawana kazi nyingi shambani kabla ya mvua ya Machi, na wenye hema na magari hupunguza bei kwa sababu msimu wao umepita. Ila kuna hatari moja. Februari iko karibu sana na kupanda, na fedha za mbolea zitakuwa zinalala nyumba moja na fedha za harusi. Kwa hiyo kabla ya kamati kukutana mara ya kwanza, nunueni pembejeo na mzifungie. Kwa ekari mbili za mahindi huhitaji mbegu kilo 20, magunia mawili ya mbolea ya kupandia na mawili ya kukuzia. Mwaka 2023 gunia la kilo 50 la mbolea ya ruzuku liliuzwa Shs. 2,500, ulizeni bei ya mwaka wenu kabla ya kuandika. Kulima mara mbili muongeze hapo. Mbolea ikiwa imefika ghalani hakuna mjumbe wa kamati atakayesema tuiuze tununulie maua.

Utaratibu ninaoupenda ni huu. Chakula cha kuwafikisha mpaka mavuno kitengwe. Pembejeo zitengwe. Mnyama au mtaji wa kuanzia nyumba utengwe. Kinachobaki, pamoja na kile jamaa watakachochanga kwa hakika, ndicho cha harusi. Watu wengi hufanya kinyume: huandika kwanza gharama ya harusi waliyoiona kwa jirani, kisha huzunguka boma wakitafuta kitu cha kuuza mpaka hesabu itimie.

Mimi mwenyewe nilifanya kinyume, nami nitaeleza.

Nilipomaliza chuo cha ualimu baba yangu alinipa mtamba wa gredi, akasema nianze naye maisha. Nilifundisha miaka michache kabla ya kuja katika kazi hii ya afisi, na yule mtamba nilimtunza vizuri. Mwaka 2016 nikachumbia, tukapanga harusi mwezi wa Agosti kwa ajili ya likizo. Kamati yangu ilikuwa ya walimu wenzangu na binamu zangu, watu wema wote. Waliandika bajeti, wakaahidi michango, na wiki tatu kabla ya siku ilionekana wazi kuwa ahadi nyingi zilikuwa za mdomo. Pengo lilikuwa kubwa. Mtamba alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimwuza kwa jirani kwa Shs. 85,000. Fedha hizo zililipa magari matatu ya kukodi, kamera ya sinema, na sehemu ya hema. Kanisa lilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka nyumbani.

Siku ya tatu baada ya harusi bibi yangu aliamka alfajiri, akachukua panga na kamba, akaenda kukata nepia. Aliporudi na mzigo kichwani alikuta zizi tupu. Akaniuliza, "Mwalimu, ng'ombe yuko wapi?"

Nikamwambia ndiye aliyelipa magari.

Hakusema neno. Alitua ule mzigo palepale penye lango la zizi, na majani yakakauka hapo wiki nzima. Kwao walikuwa wamemwambia kwamba anakwenda kwenye nyumba yenye mtamba, na mama yake alikuwa amempa ndoo ya kukamulia. Mwezi wa Oktoba mtamba akazaa kwa jirani, ndama jike. Mwaka uliofuata tulipopata mtoto, mimi ndiye niliyekuwa nikipita kila asubuhi na chupa kununua maziwa kwa yule jirani.

Siku hizi nikikaa na wachumba afisini hufanya nao hesabu ya mtamba huyo, bila kuwaambia alikuwa wa nani. Tuseme anatoa lita 10 kwa siku, naye akamuliwe siku 300. Hizo ni lita 3,000. Tuseme lita ni Shs. 45, basi ni Shs. 135,000. Ondoa nusu kwa chakula cha ng'ombe, dawa na mbegu ya dume. Zimebaki Shs. 67,500 kwa mwaka mmoja, na ng'ombe bado yuko, na ndama yuko. Picha za harusi nazo ni nzuri, sikatai. Zetu ziko ukutani.

Juu ya ahadi za michango, andikeni katika daftari safu mbili: aliyeahidi, na aliyetoa. Bajeti ifuate safu ya pili. Siku 14 kabla ya harusi fungeni hesabu. Kile ambacho hakijafika msikihesabu, na kama kitafika baadaye kitanunua masufuria. Mwenye kushika fedha asiwe bwana harusi wala ndugu yake wa damu. Mtafuteni mtu mzima ambaye mnamwogopa kidogo.

Chakula nacho kihesabiwe kwa mizani. Kamati husema, "Tuchinje fahali," kwa sababu fahali ni heshima. Fahali wa kilo 300 akiwa hai hutoa nyama yapata kilo 150 pamoja na mifupa. Kwa wageni 200, ukimpa kila mtu robo kilo ya nyama mbichi, unahitaji kilo 50. Hizo kilo 100 zilizobaki huenda wapi? Kila aliyewahi kufanya harusi anajua huenda wapi, na huenda usiku. Nunueni nyama kwa kilo kwa mchinjaji aliyepigiwa muhuri na mkaguzi, au gawaneni fahali na watu wengine wenye sherehe. Mchele, gramu 150 kwa mtu mmoja, ni kilo 30 kwa watu hao 200. Maharagwe, mboga, viazi, ndizi na kuni zaweza kutoka mashambani ya jamaa, na shangazi ambaye hawezi kuchanga Shs. 1,000 aweza kuleta debe la maharagwe naye akaheshimiwa sawasawa. Mwambieni mapema, ili asiyauze.

Mahari ni jambo la wazee, sitaingia sana. Kila kabila lina hesabu yake na maneno yake. Ila Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yasema kwamba pale ambapo mila yataka mahari, kutoa sehemu kidogo kwa alama kunatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Haina maana kwamba deni lililobaki kwa mila limefutwa. Maana yake ni kwamba kijana hana sababu ya kuuza kila kitu mara moja ili ndoa yake ikubaliwe. Na ninyi baba wakwe, mkimkamua mkwe wenu mpaka akauke, mjukuu wenu ndiye atakayekosa maziwa.

Harusi ikiisha, daftari lisitupwe. Hapo ndipo kazi yake inapoanza, na hapa nataka wachumba wazungumze mambo ambayo kwa kawaida hayazungumzwi mpaka yamekwisha kuwa magomvi.

La kwanza ni kazi. Kijana akiwa katika uchumba husema, "Kwangu hutateseka." Haya, ng'ombe mmoja wa gredi hula majani mabichi yapata kilo 70 kwa siku. Ni nani atakayeyakata na kuyabeba? Maji atayachota nani, na kisima kiko umbali gani? Mwenye kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni aseme ukweli kwamba kilo hizo hazitakuwa mgongoni pake. Wengine wakifanya hesabu hii huona kwamba kabla ya keki wanahitaji mkokoteni, au kibarua wa nusu siku. Ni vema kuliona hilo wakiwa wamekaa kwenye viti.

La pili ni fedha za shamba zinapoingia. Katika nyumba nyingi maziwa ya asubuhi huenda ushirikani kwa nambari ya bwana, na ya jioni hubaki kwa bibi, anywe mtoto na yanayozidi auzie jirani. Mayai na mboga ni za bibi, mahindi na miwa ni ya bwana. Utaratibu huo si mbaya ikiwa wote wawili wanaujua. Ubaya huingia ng'ombe anapopunguza maziwa na bwana akaanza kupeleka hata ya jioni ushirikani, au kabichi za bibi zinapopata bei nzuri ghafla zikageuka kuwa kabichi za bwana. Nimeona bibi akiacha kupalilia kabichi kwa sababu hiyo. Hakugombana na mtu, aliziacha tu zikaliwa na viwavi. Kwa hiyo andikeni: fedha za kitu gani zinalipa nini. Kwa mfano, maziwa ya ushirika yalipe chakula cha ng'ombe na chama cha akiba na mikopo. Mahindi yalipe pembejeo na karo. Mayai na mboga ziwe mkononi mwa bibi bila kuulizwa senti. Kisha mwisho wa mwezi msomeane. Nusu saa yatosha. Kiasi cha kuwasaidia wazazi wa pande zote mbili nacho kiandikwe, ili mama mkwe akija asiwakute mkinong'ona jikoni.

Daftari hilo lina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yatambua kwamba mchango wa mtu katika mali ya ndoa si fedha peke yake. Kazi ya nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya jamaa, na kazi ya shambani vyote ni mchango. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja ndoa ikivunjika, bali kila mmoja huonyesha mchango wake. Sasa mtu ambaye ameandika kwa miaka 10 ni nani alipanda, ni nani alinunua mtamba, na ni nani alikaa na mgonjwa, ana kitu cha kuonyesha. Siwaombei kuvunjika. Lakini mauti nayo hutenganisha watu, na hapo ndugu wa marehemu huwa na kumbukumbu fupi sana. Sheria hiyo yasema pia kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani wakati ndoa ingalipo bila wote wawili kukubali. Kwa hiyo bwana asije na mnunuzi wa shamba jioni akidhani kazi ya bibi ni kupika chai.

Cheti cha ndoa ndicho kinachofungua mlango wa haya yote. Sheria ya mwaka 2014 yakubali ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na zote lazima ziandikishwe. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18, na hapa hakuna ruhusa ya mzazi wala ya mila inayoweza kubadili umri huo. Wanaotaka ndoa ya serikali watoe taarifa kwa Msajili si chini ya siku 21 kabla. Wanaofunga ndoa kwa mila, wakimaliza sherehe zinazotakiwa, kama vile ngurario kwa Wakikuyu au ntheo kwa Wakamba, wamjulishe Msajili katika miezi mitatu, na wafike mbele yake wenyewe katika miezi sita ili wapewe cheti. Wengi huishia kwenye sherehe. Tena mjue tofauti moja kabla ya kuchagua: ndoa ya Kikristo na ya serikali ni za mke mmoja, na aliyefunga mojawapo hawezi kuongeza mwingine kwa mila wakati ile ya kwanza ingalipo. Maombi siku hizi hufanywa kwa mtandao wa eCitizen. Asiyejua kuutumia na aende na kitambulisho chake kwa Msajili wa Ndoa aulize.

Kliniki nayo isisahauliwe. Nendeni pamoja mpimwe virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya namna ya B. Kwa wenyeji wa magharibi, Nyanza na Pwani naongeza kipimo cha ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mtu aweza kuwa mzima kabisa naye amebeba chembe ya ugonjwa huo. Wakioana wawili wenye kuibeba, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Majibu hayo si lazima yavunje uchumba, lakini mtoto akizaliwa mtajua apimwe mapema na atunzwe vipi. Mkiwa huko ulizeni habari za kupanga uzazi, na mkioana muandikishane katika bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Baadhi ya wasomaji walio na harusi karibu watasema kwamba haya yamewafikia yakiwa yamechelewa, kadi zimekwisha kuchapwa. Yawezekana kupunguza hata sasa. Waiteni kamati, msome bajeti kutoka chini kwenda juu, na kila kitu ambacho hakiliwi na hakitakuwapo nyumbani Jumatatu kiulizwe maswali. Wako pia wanaofanya ndoa ya kimila ndogo, wakaiandikisha, wakafanya sherehe ya kanisani baada ya miaka mitatu wakiwa na mtoto wa kushika maua. Wengine hufunga ndoa kanisani pamoja na jozi nyingine tano au sita siku moja, wakachangia hema moja. Sijaona ng'ombe wao akitoa maziwa machache kwa sababu hiyo.

Sisi tulinunua mtamba mwingine mwaka 2020, kwa fedha za kabichi na za mkopo wa chama, naye amekwisha kuzaa mara tatu. Daftari huandikwa na bibi yangu. Mimi hutakiwa kuleta risiti tu, na nikisahau mojawapo huniuliza kama yale magari yamerudi.

Mwezi ujao: Kumlisha ndama tangu kuzaliwa mpaka kuachishwa maziwa.